Anahifadhi sura nzima madrasa, ubaoni hanakili mstari: jibu kwa baba wa mtoto mwenye sindromu ya Williams

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani, baraza langu liko Mwanga, Kigoma mjini, na nyumbani ni Ujiji. Binti yangu ana miaka 8, yuko darasa la pili. Alipokuwa mchanga aligundulika na tatizo la moyo, tukapewa rufaa hadi Dar es Salaam, na huko ndiko walikomtoa damu ya kupima vinasaba. Majibu yanasema ana sindromu ya Williams, kwamba kipande cha kromosomu ya 7 hakipo. Habari za moyo tulielezwa vizuri. Habari za akili na tabia tuliguswaguswa tu. Mtoto huyu ananichanganya. Anaongea kama mtu mzima, anawajua wateja wangu kwa majina na majina ya watoto wao. Madrasa ustadhi anamsifu kwa kuhifadhi. Shuleni mwalimu anasema ni mvivu na mjanja: hanakili ubaoni, hesabu hajui, kisha anajibu kwa maneno matamu. Vifungo vya sare vinamshinda. Mashine ya kusaga ikiwashwa anaziba masikio na kulia, lakini mtu asiyemjua hamwogopi. Mwezi uliopita alimfuata mteja hadi stendi. Mama yangu anamlaumu mke wangu kwamba kuna kitu alikosea akiwa mjamzito. Je, ni uvivu kweli? Atafika wapi? Na je, nimtoe shule nimfundishe cherehani?

JIBU

Marahaba, fundi. Binti yako si mvivu. Ustadhi na mwalimu hawasemi uongo, kila mmoja anasimulia alichokiona, ila kila mmoja anamwona akifanya kazi ya aina moja. Ustadhi anampa kazi ya sikio na ulimi. Mwalimu anampa kazi ya kuona umbo na kulijenga upya kwa mkono. Kwa watoto wengi wenye sindromu ya Williams pengo kati ya kazi hizo mbili ni kubwa mno, na mambo mengi uliyoniandikia yanaanzia hapo.

Kabla sijafika huko nimalizane na lawama, kwa sababu nyumba yenye lawama haimlei mtoto vizuri. Mkeo hakukosea chochote. Karibu kila chembe ya mwili ina kromosomu 46, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, jozi 23, na kwenye kromosomu ya 7 kuna eneo dogo ambalo pande zake mbili zimezungukwa na vipande vya vinasaba vinavyofanana sana. Mbegu ya baba au yai la mama linapoundwa, kromosomu hujipanga sambamba na kubadilishana vipande. Wewe unajua kitenge chenye ua linalojirudia: fundi akikilinganisha kwa ua lisilo lake, mkasi unapita na kipande cha katikati kinadondoka. Ndivyo inavyotokea pale. Kinachopotea ni jeni (kinasaba kimoja kimoja) kama 26 hadi 28, kati ya karibu 20,000 alizonazo binadamu, tena kwa upande mmoja tu, maana kromosomu ya pili ya 7 inabaki kamili. Huweza kutokea kwenye mbegu ya mwanamume sawasawa na kwenye yai la mwanamke. Hakuna chakula, safari, ugomvi wala dawa ya mjamzito inayojulikana kuisababisha. Ninyi wawili mkiwa hamna hali hiyo, uwezekano wa mtoto mwingine kuzaliwa nayo ni mdogo sana. Binti yako mwenyewe, akija kuzaa, kila mtoto wake atakuwa na nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi. Mweleze mama yako hayo kwa upole, na umwambie pia kwamba huenda kipande kilidondokea kwako. Naona hilo litapunguza maneno.

Hali hii ina jina la daktari wa New Zealand, J. C. P. Williams, aliyeielezea mwaka 1961 baada ya kuona wagonjwa wa moyo waliofanana sura na mwenendo. Mwaka uliofuata Alois Beuren wa Ujerumani akaandika habari kama hizo. Mwaka 1993 ndipo ilipojulikana kwamba jeni ya elastini, inayoipa mishipa ya damu uwezo wa kutanuka na kurudi, ni mojawapo ya zinazopotea, na ndiyo maana tatizo la moyo huanza kuonekana kabla ya mambo mengine. Makadirio ni mtoto 1 katika kila 7,500 hadi 20,000. Sensa ya 2022 iliupa Mkoa wa Kigoma watu karibu milioni 2.5. Piga hesabu: hata kwa kadirio la chini tungetarajia watu zaidi ya mia moja mkoani kwako. Wengi wao hawana jina la hali yao. Wameitwa wapole, wachangamfu, wazito wa shule, basi.

Sasa pengo lenyewe. Huko California, Marekani, mtafiti Ursula Bellugi na wenzake waliwapa watoto kazi inayoonekana rahisi. Waliwaonyesha herufi kubwa D iliyojengwa kwa herufi ndogo ndogo za Y, wakawaambia wainakili. Watoto wenye sindromu ya Down, hali nyingine ya kromosomu, walichora D kubwa, wakaziacha Y. Wenye sindromu ya Williams walichora Y nyingi zilizotawanyika karatasi nzima, na D haikuwepo. Vipande wanaviona. Kinachowashinda ni kuvipanga vikawa kitu kizima. Mwambie binti yako achore baiskeli, huenda akachora gurudumu huku, pedeli kule, usukani pembeni, kisha akakueleza kwa maneno mazuri kila kimoja kina kazi gani.

Fikiria basi darasa la pili. Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wengi kwenye chumba kimoja, kila mmoja anatakiwa kuinua macho, kushika umbo la neno, kushusha macho, kulitafuta mahali lilipokomea kwenye daftari, kulijenga kwa penseli, kisha kurudi ubaoni na kupata palepale alipoachia. Kwa binti yako hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote ambazo shule ingeweza kumbunia, na bahati mbaya ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya siku. Akichoka anafanya anachokiweza, yaani kuongea. Anamsifia mwalimu kitambaa chake, anauliza mtoto wake amepona? Mwalimu anaona ujanja. Mimi naona mtoto aliyebanwa anatumia kiungo chake chenye nguvu.

Angalia kwamba jicho lenyewe halina shida kwa kila jambo. Sura za watu anazikumbuka vizuri, ndiyo maana wateja wako anawajua. Shida ni mahali, nafasi na ujenzi: vifungo, kamba za viatu, kukata na mkasi, kupanga mistari, kushuka ngazi. Mji wenu una miteremko mingi. Ukimwona anasitasita kwenye mteremko wenye mawe au anashikilia ukuta akishuka vidato, hadeki, anashindwa kukadiria kina. Mpe mkono, au mahali pa kushika, usimvute.

Maneno yake nayo yasikudanganye kabisa. Nasema hivi kwa upendo, maana ndilo kosa la watu wengi wanaompenda. Watoto hawa huchelewa kuongea, wengi hupata maneno ya kwanza wakikaribia miaka miwili, kisha ulimi unakimbia. Msamiati wa vitu, watu, wanyama na vyakula hukua vizuri, na kumbukumbu ya kile walichokisikia muda mfupi uliopita ni miongoni mwa nguvu zao kubwa. Lakini maneno ya uhusiano yanabaki nyuma: kabla na baada, zaidi na pungufu, mbele ya na nyuma ya, keshokutwa na juzi. Anaweza kukwambia "maisha yamepanda siku hizi, baba", kwa sababu ameyasikia barazani, na hapohapo asijue kwamba 9 ni kubwa kuliko 6. Kwa hiyo ukimpa agizo la mambo matatu akaitikia "sawa baba" kwa sauti ya mtu mzima, usiamini bado. Mwambie akurudishie: utaanza na nini? Halafu?

Ukitaka tarakimu, wastani wa kipimo cha uwezo wa akili kiitwacho IQ katika sindromu hii ni kati ya 55 na 60 hivi, na wako walio chini ya 45 na walio juu ya 80. Mimi tarakimu moja siipendi kwa watoto hawa. Inachanganya kilima na bonde na kukupa tambarare ambayo mtoto haishi ndani yake. Ukiulizwa shuleni, omba watazame alama za kila sehemu peke yake.

Sasa tumia sikio. Watafiti kama Carolyn Mervis wa Louisville, Marekani, wamekuta kwamba watoto wenye Williams husoma vizuri zaidi wakifundishwa kwa sauti za herufi, hatua kwa hatua, kuliko wakitakiwa kukariri umbo la neno zima. Hapo Kiswahili kinakubeba, kwa sababu kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na ba-be-bi-bo-bu ya darasa la kwanza ni sauti tupu. Imba silabi naye jioni kwa mahadhi ya kasida anazozipenda. Mpe herufi za kushika, zilizokatwa kwenye boksi gumu au kushonwa kwa kitambaa, na hapo huhitaji kumtafuta fundi. Ataanza kusoma kwa kutamka, na kuelewa alichosoma kutahitaji kazi ya ziada, kwa hiyo baada ya kila sentensi mbili mwulize: nani alikwenda wapi?

Kuandika kutachelewa kuliko kusoma, na haifai kimoja kisubiri kingine. Mwalimu akubali baadhi ya majibu kwa mdomo. Ampe sentensi zilizokwisha kuandikwa ili ajaze neno moja, badala ya kunakili ubao mzima. Daftari liwe la mistari mipana au miraba mikubwa. Hizi si hisani. Sera ya nchi ni elimu jumuishi, halmashauri zina maofisa wanaoshughulikia elimu maalumu, na Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha kimefundisha walimu wa fani hii kwa miaka mingi. Nenda Manispaa ya Kigoma Ujiji na nakala ya majibu ya vinasaba, uliza shule ipi ina kitengo au mwalimu aliyesomea, na mtoto aandikishwe mapema kuwa na mahitaji maalumu ili hata mitihani ya taifa ikija apewe muda wa ziada. Ukimwendea mwalimu wake wa sasa, usimwendee kwa kesi. Mwombe amsikilize akisoma kwa moyo kile alichohifadhi madrasa, kisha amtazame akinakili mistari mitatu, palepale, siku ileile.

Hesabu ni mlima. Anaweza kuhesabu hadi 100 kama wimbo, na wimbo si idadi. Rudi nyuma bila aibu, kwenye vitu vitano vya kushika. Wewe una vifungo vya kila rangi: weka rundo la vitatu na rundo la saba, umwulize lipi ni kubwa kabla hajahesabu, kisha ahesabu kwa kugusa. Fedha mfundishe kwa noti halisi, moja moja, na kwa kitu anachokinunua kila siku. Mraba wa hesabu uliojaa kwenye ukurasa mmoja utamvuruga, kwa hiyo funika ukurasa kwa karatasi, abaki na hesabu moja mbele yake.

Kuhusu vifungo vya sare, mzazi mwingine ningemshauri atafute fundi. Shona vifungo vikubwa, matundu yawe mapana kidogo, sketi iwe ya lastiki kiunoni. Afundishwe kufunga kifungo cha mwisho kwanza, wewe ukishafunga vingine, halafu viwili vya mwisho, na kuendelea. Anayemaliza kazi anajiona ameiweza.

Nimefika kwenye jambo linalokushangaza zaidi, kwamba anaogopa mashine na haogopi mtu. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliwaonyesha watu wenye sindromu ya Williams picha huku wakipima ubongo wao unavyofanya kazi. Sehemu iitwayo amigdala, ambayo hutupigia kengele tunapoona hatari, ilikuwa kimya kuliko kawaida mbele ya nyuso za hasira na woga. Mbele ya picha za matukio ya hatari yasiyo na nyuso, ilipiga kelele kuliko kawaida. Binti yako ndiye huyo. Uso wa mtu, hata uliokunjwa, unamvuta. Kelele, giza, urefu, radi, sindano, ndivyo vinavyomtetemesha. Zaidi ya nusu ya watoto wenye hali hii wana woga mkali wa kitu fulani mahususi, na walio wengi wana masikio yasiyovumilia sauti ambazo sisi tunazipuuza: mashine ya kusaga, honi ya treni, pikipiki isiyo na ekzosi, spika za harusi, puto linapopasuka.

Msimlazimishe "azoee" kwa kumsimamisha karibu na mashine, hofu itaota mizizi. Kinachosaidia ni kumpa taarifa na usukani. Mwambie kabla: sasa mashine itawaka, tutahesabu hadi kumi, tutaondoka. Mpe cha kufunika masikio, hata kofia ya kitambaa uliyoipachika pamba kwa ndani. Muanze kwa mbali, atakapo yeye msogee. Mwenye mashine akikubali, siku moja isiyo na foleni mtoto abonyeze swichi mwenyewe, awashe na kuzima. Wengi huishia kuipenda sauti ileile waliyoiogopa na kukuuliza habari zake mchana kutwa. Na apimwe usikivu hospitalini, kwa sababu kuudhiwa na kelele hakuzuii mtu kupungukiwa kusikia sauti nyembamba, na hilo hutokea kwao kadiri wanavyokua.

Ule ukosefu wa woga wa watu ndio unaonikosesha usingizi mimi, fundi, kuliko hesabu na vifungo. Kwetu mtoto anayesalimia kila mtu anasifiwa. Anayemwambia mzee "shikamoo" na bibi "mwakeye" ya Kiha kabla hajaulizwa ni mtoto mwenye malezi. Kwa hiyo hakuna anayeshtuka, hata anapomshika mgeni mkono na kuondoka naye. Ushauri unaosikika kila mahali, "usiongee na usiyemjua", kwake hautekelezeki na kwetu ni utovu wa adabu. Tena yeye mtu akishamwambia jina lake tayari anamjua.

Kanuni iwe ya miguu, isiwe ya mdomo. Salamu ruhusa, kwa kila mtu. Lakini miguu haitoki barazani bila baba au mama kusema ndiyo. Weka mpaka unaoonekana, mstari wa rangi sakafuni pale baraza linapoishia. Mfundishe maneno machache yasiyobadilika, ayakariri kama anavyokariri vingine: "Ngoja nimuulize baba." Halafu igizeni. Kuongea naye tu hakutoshi, ataitikia vizuri na kesho ataondoka na mtu. Kwa watu wazima wenye sindromu hii yamejaribiwa mafunzo ya kuigiza yenye hatua tatu, kukataa, kuondoka, kwenda kumwambia mtu unayemwamini, na wengi walijifunza hatua hizo. Mtafute rafiki yako ambaye mtoto hamfahamu, apite barazani na kumwambia "twende nikakununulie soda". Ukiona ameondoka, usimpige wala kumwaibisha, mrudishe na mrudie igizo. Badilisha watu: mwanamke, kijana, mzee mwenye kanzu, mwenye pikipiki. Wao hufunga somo kwenye mtu mmoja na mahali pamoja, hivyo igizo la barazani lirudiwe sokoni na njia ya shule.

Sambamba na hilo ajue sehemu za mwili wake ambazo hakuna wa kuzigusa, kwa majina yake halisi, na kwamba siri ya kuguswa haiwekwi. Watoto kama yeye hudhuriwa mara nyingi na watu wanaofahamika, kwa hiyo macho yasiishie kwa wageni. Likitokea lolote, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 ya simu ya mtoto inapigwa bure. Wateja wako wa kudumu waambie waziwazi: asimchukue mtu, hata kwa nia njema, hata kwenda kumnunulia pipi hapo jirani.

Urafiki ni jambo jingine, na hapa wazazi huumia taratibu. Anajua kuanza mazungumzo kuliko mtoto yeyote darasani, hajui kuyaendeleza kwa zamu. Watoto wenzake humcheka au kumtumia, naye huwakimbilia watu wazima, wanaomvumilia. Mtafutie rafiki mmoja au wawili na shughuli moja iliyo na mpangilio, kama kuimba pamoja. Muziki unawagusa sana watu hawa. Si kila mmoja ana kipaji, hilo hutiwa chumvi, ila wengi hutulia na kukumbuka mambo kupitia nyimbo.

Utaona pia hatulii kwenye kazi, anaruka kutoka jambo hadi jambo. Zaidi ya nusu ya watoto wenye sindromu hii wana tatizo la umakini, na daktari wa watoto anaweza kulitibu. Dawa za umakini hupandisha mapigo na presha, hivyo zisianzishwe bila daktari wa moyo kujua. Maswali yanayorudiwa, "harusi ni lini? harusi ni lini?", ni wasiwasi uliovaa nguo ya udadisi. Kujibu mara ishirini hakusaidii. Tundika karatasi ya siku saba yenye picha, harusi ichorwe Jumamosi, kila usiku akate siku moja, na akiuliza mwelekeze kwenye karatasi. Lugha mbili hazimdhuru. Kama bibi yake anaongea naye Kiha, aendelee.

Jambo la haraka ambalo huenda hukulitarajia: wasichana wenye Williams mara nyingi huanza kubalehe mapema kuliko wenzao. Ana miaka 8. Mama yake au shangazi yake aanze sasa kumweleza habari ya hedhi, kwa vitu vya kushika na kwa kurudia, wasisubiri. Na ikiwa mmeshaona dalili za kifua kukua, mpelekeni hospitali mapema.

Kuhusu mwili sitarefusha. Presha ipimwe kila mwaka kwenye mikono yote miwili, hata Hospitali ya Maweni hapo Kigoma wanaweza kufanya hivyo, na kliniki ya moyo asiiruke; madaktari wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pia hutembelea mikoa, ulizia ratiba yao. Usimnunulie vitamini zenye vitamini D bila ushauri wa daktari, kwa sababu baadhi ya watoto hawa hupandisha kalisi (madini ya mifupa) kwenye damu. Na hili liandike nyuma ya kadi yake ya kliniki kwa wino mwekundu: asipewe dawa ya usingizi, hata kwa jino tu, kabla mtoa dawa hajajua kwamba ana sindromu ya Williams. Moyo wao unaweza kusimama ghafla kwenye usingizi wa dawa, hata wanapoonekana wazima. Dawa ya kurudisha kipande cha kromosomu haipo, na anayekuuzia moja, awe amevaa koti jeupe au ngozi ya chui, anauza hewa.

Atafika wapi? Watu wazima wengi wenye hali hii husoma kiasi, hufanya kazi wakiwa na msimamizi, hujihudumia nyumbani kwa mambo mengi. Wachache huishi peke yao bila msaada wowote, kwa hiyo panga ukijua kwamba atahitaji mtu wa karibu, hasa kwa fedha, safari na maamuzi makubwa, na ndugu zake wakue wakilijua hilo bila kutishwa nalo. Kinachoamua sana maisha ya utu uzima ni wasiwasi uliotibiwa au kuachwa, na stadi za kila siku alizofundishwa au kufanyiwa na mama.

Kwa hiyo shule asitoke. Cherehani nayo isiwe badala yake, maana kupima, kukata na kuunganisha vipande viwe shati ni ileile D ya herufi Y, tena yenye sindano. Utamfundisha miaka mitatu na mtachokana. Lakini baraza lako linamfaa kwa upande mwingine, mchana akitoka shule. Mpe kazi ya kupokea watu. Akumbuke nguo ya nani ni ipi, jambo ambalo nadhani tayari analiweza kukushinda. Amkaribishe mteja, amwambie iko tayari au bado, amletee mfuko wenye kitambaa cha rangi uliyomfundisha. Bei ataje yeye, hela upokee wewe, mpaka utakapoona anatofautisha noti ya 2,000 na ya 10,000 bila kukutazama usoni.